Moto Usiopika

Hallvor alifika ufukoni Bolstadur asubuhi, theluji ikimfika magotini, amebeba moto wake ndani ya ndoo ya mbao. Moto ulikuwa unawaka vizuri tu. Ndimi zilipanda hadi kwenye mpini na kumzunguka mkono, na ndoo haikuungua, wala mkono. Aliitua ndoo juu ya mawe mbele ya kibanda cha shemeji yake, akakung'uta sketi, akapiga hodi ingawa mlango ulikuwa wazi na mwenye kibanda alikuwa anamtazama.

"Shemeji, hebu nitazamie huu moto."

"Una nini?"

"Haupiki."

Snjolfur aliweka patasi chini. Yeye ndiye aliyekuwa mchonga runi wa Bolstadur. Runi ni zile alama za mistari iliyonyooka ambazo watu wa Strandir huchonga kwenye mbao na mifupa ili jambo fulani litokee: kondoo asipotee, mtoto apate usingizi, maziwa yasiharibike. Watu walimwita mchawi, bila ubaya, kama mwingine anavyoitwa seremala. Kazi aliiweza. Kilichomnyima raha tangu ujana wake ni kwamba hakujua runi zinafanyaje kazi. Wenzake walitosheka kuona zinafanya. Yeye alitaka kujua zinapitia wapi.

Alichuchumaa, akaingiza mkono mzima motoni. Ndimi zilimtekenya kama sufu mpya. Akaokota kaa jekundu, akaligeuza geuza kiganjani, akalinusa, akalirudisha mahali pake.

"Umeanza lini?"

"Tangu wiki ile ya kuchinja kondoo. Mwanzoni ulikuwa mvivu tu. Sasa ndiyo hivi. Juzi nimeteleka uji asubuhi, mchana una barafu juu. Watoto wanalala humo humo."

"Humo wapi?"

"Katikati ya mafiga. Wanasema unawatekenya. Nimeacha kuwagombeza, maana hauwadhuru."

"Na mama?"

Mama ni Oddny, mama yake Snjolfur. Aliishi kule Kot kwa Hallvor, mjane wa mwanawe mwingine, na miaka kadhaa sasa alikuwa hatoki kitandani.

"Mama yako amepoa kila mahali isipokuwa ulimi," alisema Hallvor. "Ukimgusa utadhani umegusa samaki wa jana. Analala pale, anaomba ugoro, anauliza nani kaposwa." Kisha akaacha mzaha. "Shemeji, leo sijaja kwa utani. Akiendelea hivi Pasaka haioni. Na watoto wamekwisha kuanza, vidoleni."

"Nitaangalia."

"Na mbona macho yanakung'aa?"

"Hayang'ai."

"Yanang'aa. Mama yako anaganda, na wewe umechangamka kama mtu aliyealikwa harusini."

Snjolfur hakubisha, kwa sababu ilikuwa kweli, na aliona haya. Alimwomba amwachie ule moto auchunguze. Hallvor alisema akae nao tu, kwake ulikuwa unajaza nafasi bure, akaumwaga pale juu ya mawe na kuondoka na ndoo yake.

Ukumbi wa Bolstadur haukuwa na jiko. Tangu ulipojengwa na baba wa Ormur, bwana mwenye Bolstadur sasa, joto lilitoka kwenye boriti kubwa ya katikati, iliyochongwa runi ya joto. Boriti yenyewe ilikuwa gogo la bahari. Strandir, kama kote Aislandi, hakuna mti wa kupasua mbao. Mbao huletwa na mawimbi kutoka nchi ambazo hakuna aliyezifika, na gogo likitua ufukoni ni mali ya mwenye ufuko. Mwenye ufuko hulichonga alama yake. Baada ya hapo bahari ikilirudisha majini na kulitupa ng'ambo, atakayeliokota huko ataiona alama na kumpelekea mwenyewe, naye mwenyewe atamshukuru kwa supu. Alama ya Ormur ilikuwa mikato mitatu na msalaba. Ilikuwa karibu kwenye kila gogo la ghuba ile, kwa sababu ufuko wote ulikuwa wake, isipokuwa kipande kidogo cha kanisa, na mashamba ya Kot, Hamar na Nes aliyakodisha yeye.

Majira yale ya kuchinja, Ormur alikuwa ameurefusha ukumbi kuelekea baharini, akamwambia Snjolfur aichimbe ile runi zaidi ili joto lifike hadi mwisho. Snjolfur aliichimba kwa patasi mpya, mistari safi, kina sawa mwanzo hadi mwisho. Alipomaliza aliteremka ngazi akaitazama kwa muda mrefu, kwa sababu ilikuwa kazi nzuri.

Sasa alisimama chini yake tena. Watu wa nyumba walikuwa wamekaa kwenye vitanda vyao vya ukutani, mikono wazi, majasho yakiwatoka, wanafuma soksi. Siagi ilikuwa imewekwa nje ili isiyeyuke. Chini ya boriti kabisa, penye joto kupita pote, alikaa Ragnfridur, mke wa Ormur, amejifunika shali mbili, midomo ya bluu, anachambua sufu. Ndivyo alivyokuwa siku zote. Watu walisema damu yake ni nyepesi, ametoka kusini.

Snjolfur alifumba macho, akavuta pumzi. Miaka yote alikuwa ameliona lile joto, amelisifu, amelipima kwa mkono, lakini hakuwahi kulinusa. Joto lilikuja kwa awamu. Awamu ya kwanza ilinukia mwani uliokauka na samadi ya kondoo, kuni za Kot, ambazo amekua nazo. Iliyofuata ilinukia ng'ombe. Snjolfur alimtambua ng'ombe mwenyewe, maana ndiye aliyemkamua mwaka mzima ndugu yake alipokuwa anaumwa. Halafu ikaja harufu ya kichwa cha mtoto aliyetoka kulala.

"Mama," alimwuliza Ragnfridur, "unasikia hizi harufu?"

"Kila siku." Ragnfridur hakuinua macho kwenye sufu. "Asubuhi huja Kot. Mchana Hamar, wale wenye mafuta ya nyangumi. Jioni watu wa Nes, wanachoma mifupa ya samaki. Nilidhani kila mtu anajua."

Snjolfur alirudi kibandani karibu anakimbia.

Siku zilizofuata alichonga runi ya joto kwenye kila kilichoingia mkononi. Alichonga kwenye jiwe, kwenye pembe, kwenye ubavu wa nyangumi, kwenye vibao vya gogo moja na vya gogo tofauti. Vibao vingine vilipata moto mpaka paka akavilalia. Vingine vilikaa baridi kama kawaida ya kibao. Alidhani ni kisu, akabadilisha kisu. Alidhani ni upande wa gogo uliotazama kaskazini. Siku moja alishawishika kabisa kwamba siri ni mate, akatemea vibao vyote, na mwanamke aliyepita na mzigo wa mwani akamwuliza kama amekosana navyo. Mwishoni alivipanga chini kwa safu mbili, vya moto huku, vya baridi kule, akakaa akivitazama huku anatafuna samaki mkavu, na jibu likawa wazi kiasi kwamba alicheka peke yake. Vya moto vyote vilikuwa na kipande cha alama ya Ormur. Vya baridi vilikatwa sehemu ya gogo ambayo alama haikufika.

Ili kuhakikisha alichukua kibao chenye alama ya kanisa, duara na msalaba, akakichonga runi ileile. Kikapata moto. Kilinukia nta, na chini ya nta kwa mbali, soksi.

Mchungaji Illugi alitokea kabla wiki haijaisha, amevaa makoti yake yote.

"Snjolfur, unafanya nini huku? Mishumaa inawaka haiyeyuki. Maji ya ubatizo ni jiwe, nimembatiza mtoto wa Hamar kwa kumpangusa na barafu. Na kitanda changu, sikisemei."

"Kimeanza kupoa lini, Mchungaji?"

"Jumanne."

"Mchana?"

"Mchana, nimejilaza kidogo baada ya chakula. Wewe umejuaje?"

Snjolfur alimshika mkono akautikisa kwa furaha, kitu ambacho Mchungaji hakukipenda. Alimwonyesha kibao, akamweleza. Mchungaji alisikiliza, akasema ni jambo la kuvutia sana na akaomba likome leo hii. Snjolfur alichukua kisu kuikwangua alama ya kanisa. Maranda yalianguka, lakini alama haikutoka. Ilishuka ndani ya mbao mbele ya kisu, safi vilevile. Alikwangua hadi kibao kikawa chembamba kuliko ngozi ya samaki. Akachukua kibao kingine cha namna ileile, akampa Mchungaji kisu. Mchungaji alikwangua mara moja tu, na alama ikabanduka kama tope kavu.

"Kwa hiyo hufutwa na mwenyewe," alisema Snjolfur. "Na huvuta vya mwenyewe. Popote vilipo."

"Naomba nivichukue vyote viwili," alisema Mchungaji Illugi. Akaenda navyo nyumbani, akamaliza kuvifuta huko, na kitanda chake kikarudi kama zamani.

Sasa Snjolfur alikuwa na kanuni, na kanuni ilimpa wazo. Alikwenda Kot. Njiani alipita kwenye uzio wa makaburi, akavuka mto juu ya barafu, akamkuta Hallvor anawapa watoto samaki mkavu na siagi, chakula chao cha asubuhi, mchana na jioni tangu moto uache kupika. Mama yake alikuwa kitandani, ngozi kavu za kondoo hadi kidevuni.

"Nani kaposwa?" aliuliza Oddny.

"Hakuna, mama."

"Basi umekuja kufanya nini?"

Snjolfur alimshika mkono. Ulikuwa mgumu na baridi, na ulimfinya kwa nguvu ileile ya siku zote. Ilimuuma kuliko alivyotegemea. Akamwomba Hallvor kitu chochote cha mbao ambacho ni chake yeye, si cha shamba. Hallvor alifikiri sana, akaleta ile ndoo; alikuja nayo kutoka kwao alipoolewa.

"Una alama?"

"Alama ya nini, shemeji, mimi nina ufuko?"

"Chagua moja."

Alichagua mkia wa samaki, kwa kuwa ulikuwa mbele yake mezani. Snjolfur aliuchonga ubavuni mwa ndoo, na pembeni yake runi ya joto. Ndoo ikapata uvuguvugu, kama mkono wa mtu aliyetoka kuamka. Watoto wakaikumbatia, mmoja huku, mmoja kule. Kwenye rafu kitana cha Hallvor kikaanza kuota barafu. Baada ya kitana ikafuata sindano ya mfupa, kisha kijiko, kisha shali yake ya harusi, iliyotundikwa msumarini, ikakakamaa kama ubao. Halafu ndoo ikapoa.

"Imekuwaje?" aliuliza Hallvor.

"Vimekwisha."

"Nini vimekwisha?"

"Vyako."

Hallvor aliangalia kitana, sindano, kijiko na shali. "Na ng'ombe je?"

"Ng'ombe alikuja na shamba. Ni wa Ormur."

"Najua alikuja na shamba, lakini nimemlisha miaka yote hii." Akawaangalia watoto. "Na hawa?"

Snjolfur aliwapapasa watoto vipaji vya uso. Ndoo haikuwa imechukua chochote kwao. Walikuwa na baridi ileile waliyokuwa nayo kabla.

"Hawamo," alisema.

"Hawamo kwenye vyangu?"

"Hawamo kwenye ndoo."

"Usinizungushe, Snjolfur. Watoto nimewazaa mimi, kwenye kitanda hicho, mama yako akinishika mabega. Kama joto lao haliendi kwangu, linakwenda wapi?"

Alikuwa anajua linakwenda wapi, alikwisha kulinusa. Hallvor alimtazama usoni akaelewa, akawavuta watoto kwake akawafunika na sketi.

"Na mimi ni wa nani?" aliuliza Oddny kitandani. Aliuliza kwa hamu, kama anayengoja mwisho wa umbea.

Snjolfur aliona ni swali zuri. Ndipo lilipomjia la kwake mwenyewe. Aliingiza mkono ndani ya shati, akauweka kifuani. Kifua kilikuwa baridi kama mawe ya ufukoni. Miaka mingi watu walikuwa wamelalamika akiwapa mkono, naye siku zote alisingizia vyuma anavyoshika.

"Kumbe na mimi," alisema.

"Karibu," alisema mama yake.

Ormur alimpokea vizuri. Alikuwa mtu mpole, mnene kidogo, anayependa kuelezwa mambo, na Snjolfur alimweleza yote: alama, vibao, kanisa, ndoo. Mchungaji Illugi alikuwepo, kwa kuwa ilikuwa siku yake ya kula Bolstadur. Ormur aliuliza maswali ya akili. Alitaka kujua kama umbali unapunguza joto. Alitaka kujua kama kondoo anatoa joto kuliko mtu. Snjolfur alijikuta anamjibu kwa furaha, akimchorea mezani kwa kidole kilichochovywa kwenye maziwa, na ilimchukua muda kukumbuka alichokuja kuomba.

"Naomba uifute alama kwenye boriti, bwana. Mkwaruzo mmoja wa mkono wako unatosha."

"Nikiifuta, ukumbi utapoa."

"Utapoa. Mtaweka jiko, kama watu wengine."

"Nina watu wengi humu, Snjolfur. Wazee wamo." Ormur alifikiri kwa dhati, uso wake ulionyesha. "Hebu nieleze tena. Inachukua vilivyo vyangu tu?"

"Vyako tu."

"Haijagusa cha mtu mwingine hata siku moja?"

"Hapana."

"Basi nisaidie, Mchungaji. Hapa nani kaibiwa?"

Mchungaji Illugi alimeza kwanza. Akasema ameipitia amri husika akilini na haoni mahali inapovunjwa. Akaongeza kwamba la kanisa lilikuwa tofauti, kwa sababu kanisa halikuwa la Snjolfur.

"Mama yangu anaganda, bwana Ormur," alisema Snjolfur. "Watoto wa Kot wanaganda. Wale si kondoo."

"Hakuna aliyesema ni kondoo." Ormur aliudhika kidogo, kisha akageuka, macho yake yakatua kwa mkewe pale chini ya boriti, na shali zake mbili. "Kumbe hata wewe," alisema.

"Naona," alisema Ragnfridur.

Ormur aliguswa. Siku hiyohiyo aliagiza mke wake afumiwe shali ya tatu.

Wiki iliyofuata, Ormur alipokuwa ufukoni akisimamia gogo jipya, Ragnfridur alimtuma mtu amwite Snjolfur aje na randa. Aliwatoa watu wote nje wakakung'ute matandiko kwenye theluji. Kisha akapanda ngazi mwenyewe, shali tatu na yote.

"Umesema mwenyewe ndiye anayeweza kufuta."

"Ndiyo, mama."

"Mimi ni mwenye nyumba hii. Funguo zote ninazo." Akazigonga kiunoni zikalia. "Nionyeshe inavyoshikwa."

Snjolfur alimwonyesha. Ragnfridur alipiga randa juu ya alama ya mumewe, mikato mitatu na msalaba, kwa mikono ya mtu aliyechambua sufu maisha yake yote na hachoki. Maranda marefu yalianguka. Alama ilishuka. Alipiga tena, ikashuka tena, safi, kina kilekile, kama inamtangulia kumwonyesha njia. Snjolfur aliinua shingo kuona jinsi mistari inavyohama, na alijichukia kwa kutamani kuiona kwa karibu zaidi. Ragnfridur hakuacha mpaka boriti ikapata shimo la kuingia kichwa cha mtoto na paa likaanza kulia.

"Itafika upande wa pili?" aliuliza.

"Itafika. Lakini paa litatangulia kutufikia sisi."

Alikaa juu ya ngazi, randa mapajani. Midomo yake ilikuwa ya bluu na jasho halikuwepo.

"Miaka yote hiyo nimesema ni damu," alisema. "Nimekula maini ya papa ili niongeze damu, Snjolfur. Maini ya papa, kila kukicha. Unayajua yanavyonuka?"

"Nayajua, mama."

"Basi ndiyo hivyo." Akashuka, akafagia maranda, akayaweka kwenye kikapu, na akaenda kufungua ghala kwa ajili ya chakula cha mchana.

Ormur aliliona shimo, akaelezwa, na hakugomba. Aliweka nguzo ya kulisaidia paa. Lakini jambo lile lilimkaa moyoni, maana hakuwa mtu mbaya na hakupenda kufikiriwa hivyo. Jumapili, nje ya kanisa, alitangaza kwamba kuanzia wiki ile ukumbi wa Bolstadur utakuwa wazi kila jioni kwa watu wa mashamba yote, wakubwa kwa wadogo, waje waote joto. Waje na sindano zao za kufuma. Sufu itakuwa ya nyumba, na soksi pia. Watu waliona ni jambo la wema. Hallvor aliuliza kama siku za kuhama, mwezi wa tano, anaweza kutafuta shamba ghuba nyingine, na mwenzake wa Hamar akamwambia hata huko wenye ufuko wana kumbi, na kumbi zina boriti. Tena Ormur alikuwa amekwisha kuwaeleza wenzake ile kanuni, nao walifurahi kujua hatimaye kwa nini joto lao lilikuwa halilingani, wakatuma watu kukagua alama.

Jioni ya kwanza walikuja wote. Snjolfur alimbeba mama yake mgongoni kutoka Kot, amemfunga kwa kamba ya mashua, naye Oddny alimhesabia makosa yake ya utotoni njia nzima. Watu waliingia wakikung'uta miguu. Hakuna aliyewaelekeza pa kukaa. Walisimama katikati ya ukumbi wakinusa, na kila familia ikaenda penye harufu yake: watu wa Nes karibu na mlango, Hamar ukutani, Kot karibu na nguzo mpya.

"Huyu hapa ng'ombe wetu," alisema mtoto mkubwa wa Hallvor, akakaa.

Walifuma. Mtu mmoja alisoma mahubiri, mwingine akaimba mashairi marefu ya watu waliokufa kwa upanga, kama kila ukumbi ufanyavyo jioni. Watoto wakapata rangi mashavuni, wakalala. Mikono ya Oddny ikalegea kidogo kidogo, akaanza kuomba habari, na safari hii zilikuwepo; palikuwa na jozi mbili za wachumba ukumbini ambao wenyewe hawakuwa wamejua. Alicheka mpaka akakohoa. Hallvor alimwangalia, akamwangalia Snjolfur, akaendelea kufuma soksi ya Ormur. Ilikuwa wazi kwa wote wawili kwamba bibi ataiona Pasaka, na Pasaka nyingine baada ya hapo, mradi aletwe hapa kila jioni.

"Shemeji," alisema Hallvor kwa sauti ndogo, "ulitaka kujua zinafanyaje kazi. Sasa unajua?"

"Najua."

"Na ukijua inakuwaje?"

Snjolfur alifikiri. "Inakuwa ninajua," alisema.

"Mh," alisema Hallvor.

Wakati wa kuondoka Ormur alisimama mlangoni, kama mwenyeji anavyopaswa. Strandir mgeni haondoki bila kumpa mkono mwenye nyumba na kumshukuru kwa alichopewa, iwe ni supu au ni maji tu. Walipita mmoja mmoja. "Asante kwa joto, bwana Ormur," walisema watu wa Nes. "Asante kwa joto," walisema watu wa Hamar. Hallvor alisema vilevile, bila kuinua macho, na watoto wakasema, kwa sababu wamefundishwa adabu. "Karibuni tena kesho," alijibu Ormur kila mara. Alikuwa ameguswa mpaka macho yamelowa.

Snjolfur alifika wa mwisho, mama yake mgongoni. Alitoa mkono, akasema maneno, akapita. Lakini Oddny, juu ya bega lake, naye alikuwa amenyoosha mkono, ameushika wa Ormur na hakuuachia, kwa hiyo Snjolfur ilimbidi asimame kizingitini, nusu ndani, nusu nje, theluji ikimwingia kwenye kola. Bibi aliugeuza ule mkono, akaukandakanda kiganja, akaupima uzito kama mtu anayenunua kuku. Watu waliokwisha kutoka waligeuka kumngoja aseme asante.

"Una mikono ya moto, Ormur," alisema.

"Ndiyo, bibi," alisema Ormur. "Nimezaliwa hivi."